Krisanthemu zangu zote zimechanua, bado naweza kukata za kupanda?

Swali: "Mwalimu habari. Nauza maua ya poti hapa Lanet, Nakuru. Krisanthemu zangu zote zimechanua saa hii na wateja wanazimaliza, mmea mama mwingine sina. Nikikata katingi (vipande vya kupanda) kwa hizi zenye maua zitashika mizizi ama napoteza wakati? Jirani aliniambia nichovye kwa asali. Na zile chache nilikata mwaka uliopita zilishika poa lakini zikatoa ua zikiwa bado fupi hivi kama kidole, hakuna mtu alinunua. Shida ni gani?"

Jibu:

Dada wa Lanet, mzuri. Umeuliza maswali mawili na hilo la pili ndilo kubwa, kwa hivyo wacha nimalize la kwanza haraka. Ndio, zitashika. Krisanthemu ni rahisi sana kushika mizizi, hata ile imechanua itashika ukiichunga. Itachukua muda mrefu kidogo kuliko ile changa, mizizi itakuwa michache, na kati ya kumi utapoteza kadhaa, lakini zitashika. Kushika si shida. Shida ni kwamba hiyo katingi inakuja na ua ndani yake tayari, hata kama macho yako hayalioni, na hapo ndipo zile zako za mwaka uliopita zilikwama.

Krisanthemu inahesabu usiku. Giza likiwa refu, kama masaa kumi hivi kwenda juu bila kukatizwa, mmea unaacha kutengeneza majani unaanza kutengeneza ua. Hii tabia ya mimea kufuata urefu wa siku iliandikwa vizuri 1920 na Wamarekani wawili, Garner na Allard, walikuwa wanasumbuliwa na aina moja ya tumbaku inaitwa Maryland Mammoth, imekataa kuchanua kiangazi chote huko kwao inakua tu kama mti. Baadaye ikajulikana kinachohesabiwa haswa ni giza. Sasa angalia sisi tuko wapi. Nakuru iko karibu kabisa na ikweta, giza letu ni kama masaa kumi na mbili Januari, kumi na mbili Juni, kumi na mbili Disemba. Hatuna siku ndefu, hazikujanga. Kwa krisanthemu kila usiku wa Nakuru ni usiku wa kutoa maua, basi ukikata katingi ukaiweka tu hapo nje itashika mizizi huku inapika ua, na siku unaihamisha kwa poti iko na majani sita na kitufe cha ua juu. Hiyo ndiyo fupi kama kidole uliona. Haikuwa mbolea wala mchanga.

Ndio maana ukisoma maelezo ya wazungu unachanganyikiwa, wanakwambia ngoja msimu wa siku ndefu mmea urudi kwa majani wenyewe. Utangoja mpaka uzeeke. Na ukitafuta mtandaoni mambo ya kukata mmea ukiwa kwa maua, nusu ya kitu utapata ni watu wa bangi, maana nayo huwa inafuata giza hivyo hivyo, lakini huku kwetu hiyo ni kesi chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994 kwa hivyo hizo kurasa waachie wenyewe, ya krisanthemu inakutosha na inauzika mchana.

Sasa dawa ni gani. Ni taa. Ukipita Naivasha usiku utaona grinihausi zingine zinawaka, wengi wanadhani ni watu wanafanya kazi usiku, kumbe mara nyingi ni mimea inadanganywa. Huhitaji kuwasha usiku mzima. Unakata giza katikati, saa nne usiku mpaka saa nane, basi, mmea unaona vipande viwili vifupi vya giza badala ya moja refu na unaendelea na majani. Kwa poti kama kumi za mmea mama, balbu moja ya LED ya wati kumi ile ya mwanga wa manjano-manjano inatosha, iweke mita moja au moja na nusu juu ya majani. Hiyo ya manjano iko na mwanga mwekundu mwingi kuliko ile nyeupe ya kuumiza macho, na mwekundu ndio mmea unasikia. Kipimo changu ni rahisi, ukiweza kusoma gazeti bila kukaza macho pale majani yako, mwanga umefika. Pembeni kukiwa na giza ongeza balbu ama sogeza poti. Taima ya kuchomeka kwa soketi nunua, usijiamini utaamka saa nne na saa nane kila siku, hakuna mtu amewahi. Stima ikipotea usiku mmoja usilie, ikipotea wiki nzima hapo ndio utaona vitufe.

By the way hii kitu inafanya kazi pia upande wa pili. Kama uko na poti zimekaa karibu na taa ya sekyuriti ya geti na zimekataa kuchanua wakati wenzake wote wamechanua, usizipige dawa wala kuzinunulia mbolea ya maua, zisogeze gizani tu.

Haya turudi kwa hizo zako zimechanua. Kuna njia mbili na mimi ningefanya zote pamoja kwa sababu ya moja utapata chache haraka na ya ingine utapata nyingi baadaye.

Ya kwanza ni kukata leo. Usikate juu. Watu wanaenda moja kwa moja kwa tawi lenye ua, wanatoa ua wanabaki na kijiti wanapanda, hapo ndio unapoteza wakati kweli. Ua linaanza kileleni na amri inashuka chini jicho kwa jicho (jicho ni pale tawi jipya huchipukia), kwa hivyo hata ukitoa ua na vitufe vyote unaona, yale macho ya chini yake kidogo kwa pembe za majani nayo yameshaambiwa. Shuka. Fungua mmea kwa mikono uangalie chini kabisa karibu na mchanga, na kwa pembeni ambako hakupati jua sana, utapata vitawi vifupi na saa zingine machipukizi yanatoka moja kwa moja kwa mchanga. Hayo ndio yako. Angalia kilele chake: kama majani madogo yamefunika katikati na huoni kitu, sawa. Kama katikati kuna kakitufe ka kijani kagumu, hata kakiwa kama kichwa cha pini, hako tayari ni ua. Angalia pia majani yenyewe, krisanthemu ikielekea kuchanua majani ya juu yanakuwa madogo na yanapoteza ile mikato ya pembeni, yanakuwa karibu laini kama ulimi. Tawi lenye majani mapana yamekatika-katika vizuri ndilo bado liko na akili ya kukua.

Kisha pinda. Kabisa, shika tawi upinde na kidole gumba sentimita sita au saba kutoka kileleni. Likivunjika na kasauti kama frenchi binsi, ni changa, linafaa. Likipinda tu bila kuvunjika na kuacha nyuzi, limezeeka, teremka lingine. Ukilikata na kisu uangalie ndani, lile zee liko na katikati nyeupe kama sponji na ganda gumu, hilo litashika lakini litakaa kwa trei mpaka uchoke nalo na saa nyingi linaoza kabla.

Kama kweli hujapata kitu bila vitufe, basi kata kipande cha chini-chini ya tawi chenye macho matatu ama manne, toa kilele chote pamoja na vitufe, acha majani mawili, panda hivyo. Mizizi ikishatoka ndio macho yataamka. Yatakuja kwanza na majani ya ajabu-ajabu, madogo, mengine hayana mikato, usiyatupe, chini ya taa yanajirekebisha kwa wiki tatu mpaka tano. Bila taa hayajirekebishi.

Taa iwake kuanzia siku ile ile unakata. Si baada ya mizizi. Hapo ndio watu wengi wanaanguka, wanasema wacha ishike kwanza, na ile siku kumi na nne ya kushika ni siku kumi na nne ya giza refu.

Njia ya pili ndio ya biashara. Chukua poti nane ama kumi zile nzuri zaidi, zenye rangi wateja wanaulizia, na usiziuze. Najua inauma. Kata kila moja mpaka ibaki kama sentimita kumi kutoka kwa mchanga, ukiweza kuacha majani machache ya kijani acha. Weka chini ya taa. Mwagilia kidogo kwa sababu haina majani ya kunywa maji, ukiiona imeanza kuchipuka ndio uanze kuilisha, kijiko kimoja cha chakula cha mbolea ya CAN kwa lita kumi za maji mara moja kwa wiki inatosha. Kwa wiki tatu ama nne utaona machipukizi yanatoka chini, manene, ya kijani safi, na haya hayana habari ya ua kabisa. Yakifika sentimita kumi hivi kata kilele sentimita sita, acha majani mawili ama matatu kwa kile kisiki, na hapo kisiki kitatoa mengine mawili, unavuna tena. Lakini mama naye anachoka. Ukimkata miezi minne mfululizo ataanza kutoa vitufe hata na taa, na matawi yatakuwa membamba. Kabla afike hapo chukua katingi zake bora uzifanye mama wapya, yeye mpeleke mboji.

Kuhusu kupanda kwenyewe, sitakuwa na maneno mengi. Toa majani ya chini, yale ya juu mapana unaweza kupunguza nusu. Nunua kidogo ile homoni ya unga ya mizizi kutoka agroveti, ile ya vipandikizi laini, nguvu kidogo, usinunue ile ya miti migumu itachoma. Chovya milimita tano tu, gonga ipukutike. Jirani yako na asali: asali haina homoni ya mizizi. Inazuia vijidudu kidogo, ndio, lakini haiambii shina litoe mzizi, na kwa nasari ya nje inaita sisimizi. Katingi changa ya krisanthemu inashika hata bila kitu. Kwa hizi zako za mmea umechanua, hapo ndio unga unalipa pesa yake kwa sababu shina lenyewe limepunguza kutengeneza homoni yake.

Mchanganyiko, wewe uko Nakuru una bahati, pamisi, yale mawe mepesi ya volkeno, iko hapo tu bondeni. Chekecha ile ya ukubwa wa punje za mahindi na chini, changanya nusu kwa nusu na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) iliyosuuzwa, kama hakuna kokopiti tumia mchanga wa mto uliooshwa. Usiweke mbolea ya ng'ombe. Mchanga wa shamba pia hapana, unaleta kuoza. Maji nayo: maji mengi ya borehole hapo Nakuru yana chumvi na floraidi, kwa mimea mikubwa si neno lakini kwa trei ya katingi chumvi inajikusanya juu inakuwa na utando mweupe, kwa hivyo kinga ya mvua kwa mtungi utumie hiyo. Toboa shimo na kijiti kwanza ndio unga usifutike, ingiza sentimita moja na nusu ama mbili, bana na vidole, mwagia mara moja vizuri.

Halafu funika na karatasi ya plastiki safi juu ya upinde wa waya, na juu yake neti ya kivuli. Hapa sikiliza vizuri, plastiki chini ya jua kali bila neti ni jiko. Majani yawe na unyevu, mizizi isiwe kwa tope, hivyo ni vitu viwili tofauti. Unanyunyizia majani asubuhi na mchana, lakini pamisi ikibanwa kwa ngumi isitoe maji. Kila asubuhi fungua nusu saa hewa ipite, ama utaona ukungu wa kijivu unaanza kwa jani lililokufa. Jani lililokufa toa siku hiyo hiyo. Usiku wa Nakuru ni baridi, na Njoro na Molo ni zaidi, na mizizi inapenda kama digrii kumi na nane mpaka ishirini na moja pale chini, kwa hivyo weka trei juu ya meza na ubao, isikae kwa sakafu ya simiti, na funga plastiki kabla jua lizame ishike joto. Wa Kisumu anayesoma hii, wewe shida yako ni kinyume, joto unalo bure, wewe ongeza kivuli na upunguze plastiki, zitaoza kabla zikauke.

Baada ya wiki hivi ukichomoa moja utaona mwisho wake umevimba kama una chokaa, hiyo ni nzuri, rudisha. Siku kumi mpaka kumi na nne kwa changa utapata mizizi ya sentimita mbili, zile za kijiti kizee ngoja hata wiki nne. Usivute-vute kila siku bana.

Ikishika, poti, bado chini ya taa kama wiki mbili, ikifika majani saba nane bana kilele, yaani ukikate kwa vidole, itoe matawi, yakianza kutoka ndio unazima taa. Kuanzia siku umezima taa mpaka kuchanua ni wiki nane mpaka kumi kwa aina nyingi. Hapo sasa unaona uzuri wake, unachagua siku ya kuuza. Ukitaka za Valentaini zima taa katikati ya Disemba, za Siku ya Mama ambayo ni Jumapili ya pili ya Mei zima wiki ya kwanza ya Machi. Usizime zote siku moja, zima kwa mafungu uwe na za kuuza kila wiki.

Magonjwa sasa, maana ukikata kutoka kwa mmea mgonjwa unazalisha ugonjwa. Geuza majani. Kama juu kuna madoa ya manjano na chini yake kuna vichomozi vyeupe ama vya pinki kidogo kama nta, hiyo ni kutu nyeupe, mmea huo usiukate hata kama rangi yake ndio inauza, ng'oa, funga kwa karatasi, choma. Kuna ingine mbaya zaidi kwa sababu huioni, mmea unadumaa tu, maua madogo yanachanua mapema, rangi imepauka. Hiyo inaletwa na kitu kidogo kuliko virusi, haina dawa, na inasafiri kwa kisu chako kutoka poti moja kwa nyingine. Watu wanafuta kisu na spiriti wanadhani wamemaliza, spiriti haikiui. Tumia Jik, moja kwa tatu za maji, weka visu viwili kwa mkebe, kimoja kinalowa kingine kinakata, ubadilishe kila mmea. Suuza jioni ama kutu ya chuma itamaliza hivyo visu. Ndio maana sipendi ile tabia ya kuchagua mama kwa kuangalia ile fupi "imekaa nzuri kwa poti". Mama chagua kati ya zile ndefu zenye nguvu, ufupi utautengeneza wewe kwa kubana.

Jambo la mwisho hujauliza lakini unauza kwa hivyo linakuhusu. Hizo poti ulinunua wapi mara ya kwanza? Kama zilikuja na lebo yenye jina la aina na maandishi ya haki za mzalishaji, ujue Kenya iko kwa UPOV, mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tangu 1999, na haki hizo ziko kwa Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mimea, ndio wanazisimamia. Kuzalisha aina iliyolindwa ukauza bila ruhusa ya mwenyewe unaweza kushtakiwa. Zile za zamani za kwa mashamba ya kina nyanya, nyeupe na manjano zile za kuzunguka nyumba, hakuna mwenyewe, kata utakavyo. Kama huna uhakika, ofisi ya KEPHIS iko hapo hapo Nakuru, nenda na lebo mkononi uulize kabla ya kununua balbu na taima.